Picha za boho kwenye Tinder: weka zile za Jumanne

Mdogo wangu, nimesoma swali lako na majibu yote ya wadau. Kwa waliochelewa kufika: dada ana dredi, anavaa sketi ndefu za mtumba, hereni za shaba na mkoba wa ukili. Yuko Tinder na Badoo, mitandao ya kutafuta wachumba, anauliza aweke picha gani ili mtindo wake wa boho, huo wa vitu vya mikono na vya kuchambua, uonekane bila yeye kuonekana kituko au mchafu. Wanaomwandikia ni wa aina mbili: wanaomuuliza kama anavuta, na wanaomtaka yule wa kwenye picha ya sendofu, mwenye wigi na gauni la kukodi. Mdau mmoja kamshauri afute za dredi zote abaki na ya sendofu. Mimi nasema sendofu ndiyo ya kufuta.

Natengeneza batiki huku Mwananyamala. Wateja wangu wakishachukua nguo huwa wananipa simu, "dada hebu nipige na mimi," na nyingi ya picha hizo najua zinakoishia. Mume wangu mwenyewe nilimpata huko huko. Kwa hiyo ninachokwambia nimekiona kikifanya kazi.

Boho ina tatizo moja kubwa, ni rahisi sana kuigiza. Ukitafuta Pinterest unaletewa kofia pana ya sufu, buti za ngozi, koti lenye nyuzi zinazoning'inia, na nyuma jangwa la Marekani. Mtu anakusanya vitu hivyo anakwenda navyo ufukweni mwezi wa pili, jasho linamtoka chini ya kofia. Anayetazama picha anajua kabisa kwamba hujawahi kupanda daladala ya Mbagala na kofia ile. Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia apime hivi: Jumanne ya kawaida, unatoka kununua nyanya na vocha, ungevaa hivi? Kama ndiyo, picha ibaki. Kama hapana, hata iwe nzuri namna gani, itoe, kwa sababu siku ya kukutana atakuja kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Na wala hatuhitaji kuazima. Mtindo huu ulianzia kwa wasanii wa Paris karne ya 19, watu wasiokuwa na hela, wakivaa walichonacho, kisha vijana wa Marekani na Ulaya wakaufufua miaka ya 1960. Kiini chake ni vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, vilivyorithiwa, vilivyopatikana kwa kuchambua. Sasa niambie, nani anachambua kuliko sisi? Robota likifunguliwa Ilala saa 12 asubuhi watu wako pale. Makubadhi tunayo, kikoi, batiki, mikoba na kofia za ukili, vikuku vya shaba, vinyago pale Mwenge, kanga za Mtaa wa Uhuru.

Ila vitu vyetu vinasomwa na watu wetu, na hapo mitandao ya Wazungu haitakusaidia. Ukijifunga kanga kwenye picha, hakikisha unajua imeandikwa nini, maana mtu wa Dar atavuta picha aikuze asome. Kuna mteja wangu alipiga picha nzuri kabisa, mwanga safi, tabasamu safi, kanga begani imeandikwa "Hasidi hana sababu." Kila aliyemwandikia alitaka kujua anagombana na nani. Shanga za shingoni na mkononi ni pambo. Za kiunoni hapa Pwani ni habari ya chumbani, ukizionyesha kwenye picha umeshasema jambo, kwa hiyo uwe umekusudia kulisema. Na yale mapambo makubwa ya shingoni ya Kimasai yanayovaliwa kwenye sherehe, kama si wa kwenu yaache. Kikuku kimoja ulichonunua kwa mama aliyekishona mwenyewe kinatosha, tena kina hadithi.

Tuje kwenye picha ya kwanza, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtu anaiona akiwa amesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba, kidole gumba kinateleza. Hakupi muda. Uso uwe karibu, kuanzia kifuani kwenda juu, macho yaonekane, miwani ya jua ikae kwenye mkoba. Halafu chagua kitu kimoja kikusemee. Kwako ningeachia dredi zianguke na kuvua zile hereni kubwa. Au ningezifunga juu kwa kitambaa ili hereni zipate nafasi yake. Ukiweka dredi, hereni, mikufu mitatu, kofia na pete kila kidole, jicho halijui litue wapi na uso unapotea. Ukimaliza kuichagua, ishike simu mkono ukiwa umenyooka uitazame ikiwa ndogo. Kama huoni macho yako, hiyo si ya kwanza.

Nyuma ya uso pawe patulivu. Wengi mnapenda kwenda kusimama mbele ya michoro ya Tingatinga kule Oysterbay, na nawaelewa, ni mizuri. Lakini Edward Said Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, zile za mafuta zenye kung'aa, na michoro ile inakuita ukiwa bado ng'ambo ya barabara. Sura yako ikishindana na chui wa manjano mwenye madoa, chui anashinda. Ukiitaka sana, vaa rangi moja tu, ugoro au damu ya mzee, na usogee mbele hatua kadhaa ili michoro ififie kidogo nyuma yako. Ukivaa kitenge chenye maua tafuta ukuta mtupu, mlango wa mbao wa zamani, au majani ya mgomba. Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, kina zile nyumba za asili za makabila, kuta za udongo na makuti, rangi yake inakubaliana na ngozi zetu na nguo za batiki vizuri mno. Uliza getini kwanza kuhusu kupiga picha. Nafasi Art Space kule Mikocheni nako pazuri, hasa kama ni mahali unapokwenda hata bila kamera. Kama hujawahi kukanyaga, usianze kwa ajili ya Tinder. Wa kwanza kukuandikia anaweza kuwa msanii wa pale pale, akuulize unapenda kazi za nani.

Mwanga. Hapa watu wanaharibu sana. Jua la Dar mchana liko utosini, na mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba linapita juu kabisa ya kichwa, macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Piga kuanzia saa 10 na nusu jioni hadi jua linapozama. Sasa sikiliza hili kuhusu Coco Beach: ufukwe ule unatazama mashariki. Jioni jua linatoka upande wa mjini, kwa hiyo ukisimama bahari ikiwa nyuma yako, mwanga wote unakuangukia usoni, bahari nayo inabaki na bluu yake. Ukienda asubuhi ukasimama vilevile, jua liko nyuma yako na uso unakuwa mweusi kama kivuli. Anayetaka jua likizama majini aende upande wa pili wa rasi, kule Slipway, panatazama magharibi. Wale wapiga picha wanaozunguka Coco na kamera wanajua kazi, sisemi vibaya, ila watakwambia weka mkono kiunoni, geuza shingo, angalia mbali, na utatoka na picha ile ile ya wasichana wote wa Jumapili ile. Nenda na rafiki anayekuchekesha. Mwambie apige wakati unaongea, apige nyingi, utachagua nyumbani.

Simu yenyewe: futa lensi, mafuta ya nywele yanajaa pale. Tumia kamera ya nyuma, mpigaji arudi nyuma hatua mbili tatu kisha avute, kwa sababu simu ikiwa karibu na uso inakuza pua. Zima kile kipengele cha kulainisha na kung'arisha ngozi. Simu nyingi tunazotumia zinakuja kikiwa kimewashwa, na kinakutoa mweupe kuliko ulivyo, dredi zinakuwa kama zimechorwa. Gusa uso kwenye kioo kisha shusha mwanga kidogo, ngozi inarudi kwenye rangi yake na bluu ya batiki inatulia.

Picha ya pili iwe ya mwili mzima, sketi yako ndefu ikitembea. Jioni ufukweni upepo utakufanyia kazi hiyo bure. Sina la kuongeza hapo.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, picha ya mikono ikiwa kazini. Yangu ilipigwa uani kwangu, nimekaa kwenye kigoda, nimetoka kuchovya kitambaa, glovu imechanika na vidole viwili ni vya bluu. Sikuwa nimejipamba. Ujumbe wa kwanza kutoka kwa huyu niliyenaye ulikuwa unauliza, "Hiyo rangi inatoka au ndiyo basi?" Tukaongea mishumaa inavyoyeyushwa, sponji inavyogongwa kwenye kitambaa, kwa nini nta inazuia rangi, mpaka usiku. Picha ya kupozi ingempa cha kusema zaidi ya "mambo mrembo"? Kuna kaka mteja wangu ana afro na bangili, anatengeneza viti vya mwanzi. Picha zake za zamani zilikuwa za baa, ameshika chupa. Akaweka moja akiwa anafunga kiti, amekunja uso kwa kazi, na sasa wanaomwandikia wanaanzia kwenye kiti. Wewe umesema unasuka mikoba ya ukili ukipata muda. Sasa mbona hakuna picha hata moja yenye ukili mkononi? Hiyo ndiyo ya tatu yako.

Ya nne, kona ya nyumbani. Chumba kimoja Sinza kinatosha kabisa: mkeka, mto wa kitenge, mimea kwenye makopo ya Blue Band, redio, kitabu unachokisoma kweli. Hapa ndipo lile swali lako la kuonekana mchafu linapojibiwa, na nitakuwa mkweli kama dada yako. Boho inapenda vitu vingi vilivyokaa ovyo, na macho ya Dar hayana huruma na ovyo. Nguo ya mtumba iliyojikunja watu wanaisoma kama uvivu, kwa hiyo piga pasi. Dredi ziwe zimesokotwa karibuni. Kucha safi, isipokuwa kama ni rangi ya kazi. Miguu yenye makubadhi ipakwe mafuta. Ukishafanya hayo, nyumba yako iwe na rangi kumi na hakuna atakayeona uchafu, ataona mtu anayependa vitu.

Tinder wanakupa nafasi 9, usizijaze. Hizo nne, na ya tano ukiwa na watu wako mnacheka, basi, ila wawe wamekubali, watoto wa dada yako wasiwepo, na isiwe picha ya kundi ambayo mtu anahitaji kukutafuta.

Usalama nausema haraka. Geti, namba ya nyumba, jina la duka la jirani, kitambulisho cha kazi shingoni, vyote nje ya fremu. Picha ulizoweka Instagram usizirudie huku, mtu anaweza kuitafuta picha kwa Google akakufikia kwa jina lako kamili kabla hujampa hata la kwanza. Na mjini maeneo ya Ikulu na majengo ya serikali usitoe kamera kabisa, utajieleza kwa askari badala ya kujieleza kwa wachumba.

Wale wa "unavuta?" hawataisha. Mtu mwenye dredi mjini hapa anaulizwa hivyo hata na konda. Usiandike kwenye maelezo yako kwamba huvuti, unajitetea kabla ya kushtakiwa. Watoe tu, ni kubonyeza mara moja. Ukiwa na ukili mkononi kwenye picha ya tatu watapungua wenyewe, kwa sababu atakayetaka kukuuliza atakuwa ameshapata cha kuuliza.

Basi, futa ya sendofu leo. Na ile ya Daraja la Tanzanite, tangu lifunguliwe 2022 kila mtu anayo, nayo itoke. Kisha weka hapa zile mbili za dredi unazosita kati yake, tuzione, tukwambie ipi iende mbele.