Kichwa cha Kila Siku Baada ya Kupasuliwa: Majibu ya Barua Zenu

Nilipoandika hapa kwamba naumwa kichwa kila siku tangu nilipotolewa uvimbe kwenye kizazi mwaka 2014, nilidhani nitapewa pole tatu, nne, basi. Zimekuja barua. Nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, sasa nimestaafu na nipo zangu hapa Moshi. Sikupimi wala sikuandikii dawa. Naeleza ninachokijua.

Shikamoo mama. Nimejifungua kwa upasuaji, leo siku ya kumi. Nilichomwa sindano ya mgongo. Kichwa kilianza siku ya pili: nikikaa kunyonyesha kinapasuka, nikilala kinatulia. Mama mkwe anasema ni upepo, kwa kuwa nilitoka nje bila kujifunga kitambaa. – Mzazi, Kiborloni

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Hayo maneno yako, "nikikaa kinapasuka, nikilala kinatulia", daktari wa usingizi, yule wa ganzi ya upasuaji, akiyasikia tu anajua pa kuanzia. Ubongo unaelea kwenye maji, na maji hayo yanashuka hadi kwenye mfuko unaozunguka uti wa mgongo. Sindano ya ganzi inautoboa mfuko. Kwa wengi tundu linajiziba lenyewe, kwa wengine maji yanaendelea kuvuja kidogo kidogo. Ukisimama, ubongo unakosa mto wake, unashuka na kuvuta tando zinazouzunguka. Ukilala, mvuto unaisha.

Hata aliyeianzisha ganzi hii yalimkuta. Mwaka 1898 daktari Mjerumani, August Bier, alimwambia msaidizi wake amchome sindano ya mgongo ili ajaribu mwenyewe. Bomba halikuoana na sindano, maji yakamwagika, na Bier akaumwa kichwa siku tisa, akipata nafuu kila alipojilaza. Yeye hakutoka nje bila kitambaa.

Kwa wengi kinaisha ndani ya wiki moja hadi mbili. Mnyonyeshe mtoto ukiwa umelala ubavu. Kunywa maji, na mtori wa mama mkwe unywe bila ubishi, una maji na chumvi. Wewe uko siku ya kumi na bado huwezi kukaa, kwa hiyo rudi hospitali umuulizie daktari wa usingizi. Kuna tiba inayoitwa kiraka cha damu: wanachota damu mkononi mwako, kama mililita 20, wanaichoma mgongoni karibu na lile tundu, inaganda na kuliziba. Nimeona mama aliyeletwa kwa kitanda cha magurudumu akirudi wodini kwa miguu.

Ila leo hii, kabla ya yote, pima presha. Kifafa cha mimba, kinachoendana na presha ya juu, kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, hadi wiki ya sita. Na mzazi yuko katika kipindi ambacho damu huganda upesi, hata kwenye mishipa ya ubongo. Kichwa kikiacha kutulia ukilala, macho yakaona ukungu, ukapata homa, shingo ikakakamaa, au mwili ukadhoofika upande mmoja, usingoje kupambazuke. Kodi bajaji saa hiyo hiyo.

Mama, mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilipasuliwa ngiri mwaka jana mwezi wa tatu, kichwa hakijaniacha tangu hapo. Nanunua vidonge kumi vya Panadol, vinaisha siku mbili. Kikizidi naongeza diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu. Nifanyeje? – Fundi, Pasua

Pole baba. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu ugonjwa wako ni wangu.

Kuna kichwa kinacholetwa na dawa ya kichwa. Ukimeza dawa rahisi kama Panadol siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ubongo unaizoea, na dawa ikipungua mwilini kichwa kinakudai nyingine. Kwa tramado, ile dawa kali ya maumivu, au vidonge vilivyochanganywa dawa mbili tatu, zinatosha siku 10. Inahesabiwa siku, si idadi ya vidonge.

Nilikuwa nawaambia wagonjwa haya kila wiki. Halafu siku moja binti yangu alikuwa anafagia chumbani, akavuta droo ya kitanda, akatoa maganda matupu ya dawa na kuyapanga juu ya shuka, moja moja, kama anapanga karata. Hakusema neno. Tukachukua kalenda ya ukutani tukahesabu: mwezi ule nilikuwa nimemeza dawa siku 22. Nesi mzima!

Kuacha ni kugumu. Siku za mwanzo kichwa kinazidi, usingizi unakatika, na moyo unakuambia mara ya mwisho tu. Inaweza kuchukua wiki moja, mbili, au zaidi. Panadol watu wengi huiacha kwa mkupuo. Tramado usiiache ghafla peke yako, ipunguzwe na daktari. Diklofenaki ya kila siku inachosha figo, inapandisha presha na kutoboa tumbo, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kwanza kutoka.

Usiende kwa daktari mikono mitupu. Chukua daftari la kawaida, andika kila siku: kimeanza saa ngapi, upande gani, umemeza nini, umelala saa ngapi. Wiki nne za daftari hilo zitamsaidia sana. Huenda akakuandikia amitriptilini kwa kipimo kidogo, miligramu 10 au 25 usiku. Usishtuke ukisikia ni dawa ya sonona, kwa kipimo hicho inatumika kuzuia kichwa. Inakausha mdomo, inaleta usingizi, na hutaona kazi yake kabla ya wiki kadhaa. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa, sema kabla hajaandika. Na hiyo miwani ya kuchomelea uivae machoni, najua inakaa kwenye paji.

Nilitolewa rovu shingoni. Kidonda kimepona vizuri, lakini kisogo kinauma kila asubuhi na maumivu yanapanda juu. – Mwalimu mstaafu, Tengeru

Shikamoo mwalimu. Upasuaji wa rovu unafanywa shingo ikiwa imekunjwa nyuma, mto chini ya mabega, saa nzima au zaidi. Misuli ya kisogo inaweza kulalamika muda mrefu baadaye. Omba upelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, weka kitambaa cha moto, na mito miwili ya usiku ipunguze iwe mmoja. Muulize daktari pia kuhusu kipimo cha homoni ya tezi ya shingo, ile inayovimba ikawa rovu, maana ikishuka nayo huleta kichwa na uchovu.

Mbona mimi kichwa kilianza kabla hata sijaingizwa chumba cha upasuaji? – Mkulima, Uru

Unakunywa vikombe vingapi vya kahawa kwa siku, mzee wangu? Ulikatazwa kula na kunywa tangu usiku. Mwili uliozoea kahawa ukiikosa saa 12 hadi 24 unaanza kudai kwa kichwa, na madai huchukua siku kadhaa. Kama bado kinauma mwezi mzima baadaye, hapo kahawa haina kesi.

Nikihama huku kwenye baridi ya mlima nikaenda Dar, kitaisha?

Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Kichwa cha kupanda mlima mrefu huanza kusumbua kwenye mita 2,500 hivi. Nauli itunze.

Mume wangu alipata ajali ya bodaboda, akapasuliwa kichwa kutoa damu. Miezi minane sasa kichwa kila siku. Ndugu zake wanasema anajifanya hataki kazi. – Mke, Ngaramtoni

Hajifanyi. Mkato wa kichwani unapita kwenye neva ndogo za ngozi, na zikipona vibaya zinauma miezi na miezi. Bonyeza taratibu kando ya kovu: akiruka, mwambie daktari, maana kuna wanaopata nafuu kwa kuchomwa ganzi pale pale. Mtikisiko wenyewe wa ajali nao huacha kichwa, kusahau, na hasira za karibu. Akianza kutapika asubuhi, kulala kupita kiasi, kuburuta mguu au kupata degedege, mrudishe siku hiyo hiyo, huenda damu au maji yanajikusanya tena.

Hao ndugu, mpe mmoja wao kazi ya kumsindikiza kliniki. Akae naye foleni tangu saa moja asubuhi, jua likipanda, aone anavyofumba macho.

Mama, na wewe? Kimewahi kukuacha?

Siku nzima, hapana. Saa kadhaa, ndiyo, na baada ya kuacha vidonge zimeongezeka. Nyumbani tunakitaja kwa namba, sifuri hadi kumi. Wajukuu wanauliza, "Bibi, leo ngapi?" Nikisema saba, redio inazimwa bila kelele. Nikisema tatu, wanajua kuna hadithi. Sokoni Mbuyuni naenda mapema kabla ya jua na makelele ya makondakta. Kanisani nakaa karibu na mlango. Kwaya sikuiacha, ila nimehama mbali na spika.

Leo nilianza kuandika kikiwa nne. Sasa ni tano na nusu, na ndizi ziko jikoni. Najilaza kidogo kabla hazijaungua.