Walisema watalipa, hawakulipa: nikate majibu nusu?

SWALI: Kabla ya kutoa programu yetu ya simu tulihoji watu 400, na wengi walisema wangeilipia kwa bei tuliyowatajia. Sasa imetoka na wanunuzi ni wachache mno. Mshauri wetu anasema dawa ni kukata majibu nusu, yaani kuamini nusu tu ya walichosema watu. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na hii "kata nusu" nimeisikia mpaka imenichosha. Nusu hiyo ameitoa wapi? Wachumi List na Gallet walipochambua tafiti nyingi kwa pamoja mwaka 2001, walikuta kinachotajwa kwa mdomo ni wastani wa karibu mara 3 ya kinacholipwa. Mwaka 2005 Murphy na wenzake walipata kiwango cha kati cha mara 1.35 tu, huku tafiti chache zikiwa na pengo la kutisha. Wapo hata wanaotaja bei ya chini makusudi, wakidhani jibu lao ndilo litakalopanga bei. Hao nao utawakata nusu?

"Ndiyo" ya mtu ambaye tayari hulipia programu za aina hiyo na "ndiyo" ya mtu aliyekuonea haya hazina uzito mmoja, lakini mkasi wa mshauri unazipunguza sawasawa.

Jibu la bure lipe gharama. Becker, DeGroot na Marschak walieleza njia mwaka 1964: mtu ataje kiasi cha juu kabisa atakacholipa, kisha bei itolewe kwa bahati nasibu. Isipozidi alichotaja, ananunua kwa bei hiyo iliyotoka; ikizidi, hapati kitu. Jibu lake halipangi bei, linaamua tu kama atanunua, kwa hiyo kudanganya hakumfaidii. Ila fedha iwe yake na itoke papo hapo. Bila hivyo ni dodoso lilelile.

Kwako kuna njia rahisi zaidi: wagawe wateja wapya kwa bahati nasibu, kila kundi lione bei yake, uhesabu waliomaliza kulipa, si waliobonyeza tu. (Waliotozwa zaidi warudishie tofauti.)

Na yeyote anayekuletea makisio yenye desimali mbili kutoka kwenye dodoso, muulize nani kati ya wahojiwa alitoa hela. Atakimbilia ukubwa wa sampuli. Sampuli kubwa hupunguza makosa ya bahati. Watu 10,000 wakijibu kwa adabu, unapata adabu iliyopimwa vizuri sana. Mwambie alete kazi zake za zamani, makisio na mauzo halisi ubavuni.