Re: Kisigino kinauma kwa nyuma, niache mbio kabisa?
Mkuu pole sana, hayo maumivu ya asubuhi uliyosema yameanza baada ya kuongeza mbio za lami mara nyingi ni ule mshipa mnene unaounganisha kigimbi na kisigino (kano ya Achilles, si mshipa wa damu) umelemewa, na kulala tu hakuuponyi maana unazidi kulegea. Kuna zoezi la daktari wa mifupa Håkan Alfredson wa Uswidi, la tangu 1998, watu wa fizio (tiba ya viungo) bado wanalitumia: simama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, panda kwa mguu usiouma, shusha taratibu kisigino kibovu, mara 15 seti 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Kikiuma kidogo endelea. Panauma pale pale mshipa unaposhika mfupa wa kisigino? Basi usishuke chini ya usawa wa ngazi. Ila ukisikia "paa!" ghafla ukashindwa kusimama kwa vidole, hospitali siku hiyohiyo, usichuliwe!