Farasi Wako Asilale na Tumbo Tupu

Wengi wanaoanza kufuga farasi hapa Kenya huniuliza kwanza habari ya nafaka: shayiri kilo ngapi, pumba kiasi gani, molasi iwekwe au isiwekwe? Mimi huwarudisha kwenye nyasi kavu. Hicho ndicho chakula chenyewe. Farasi asiyefanya kazi nzito hunawiri kwa nyasi nzuri, maji na jiwe la chumvi.

Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15 tu, na tindikali humiminika humo usiku na mchana, awe anakula au hali. Mate ndiyo huipoza, lakini farasi hatoi mate mpaka atafune. Akikaa saa nyingi bila kitu mdomoni, tindikali huunguza ukuta wa tumbo, na vidonda huanzia hapo. Ndiyo maana usiku hunitia wasiwasi kuliko mchana. Ukilisha kidogo saa kumi na moja jioni ukafunga milango, atamaliza mapema na kukaa na njaa hadi alfajiri. Fungu kubwa la nyasi liwe la usiku, kwenye wavu wenye matundu madogo, azivute taratibu.

Nafaka nyingi kwa mpigo ni hatari ya aina nyingine. Wanga uliozidi huteremka hadi utumbo mpana, wanakoishi bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi. Huko hugeuka asidi, bakteria hao wanakufa, na farasi anapata msokoto wa tumbo, au kwato zinavimba kwa ndani asiweze kukanyaga. Na farasi hatapiki. Kilichoingia hakirudi.

Farasi wa kilo 450 nampimia kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, yaani asilimia 2 ya uzito wake. Tumia mizani, maana marobota hayalingani.

Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, hupatikana kwa urahisi. Tafuta iliyokatwa ikianza kutoa maua. Ikishapukutisha mbegu ni mabua matupu. Rangi ya nje isikudanganye, jua hupausha hata robota zuri. Kata kamba, penyeza mkono hadi katikati. Ukikuta joto au unyevu, rudisha. Kung'uta konzi moja penye mwanga: vumbi jeupe likipanda na harufu ikawa ya uvundo, huo ni ukungu, usimpe farasi hata ukiloweka. Kuloweka nusu saa ni dawa ya vumbi la kawaida tu.

Mzigo mpya uchanganye na wa zamani kwa siku 10 hivi, bakteria wauzoee. Maji yasikosekane, la sivyo nyasi hukwama tumboni.

Asubuhi, kabla ya kufagia banda, angalia kinyesi. Madonge yanayoshikana na kupasuka kidogo yakigonga sakafu ni dalili njema. Yakiwa madogo, makavu, yamefunikwa ute, au hakuna kabisa, ondoa chakula chote na umpigie daktari wa mifugo papo hapo.