Tembo amefunga njia: je, tupige honi?

SWALI: Ndugu Mshauri, mwezi Agosti tulitembelea Hifadhi ya Taifa ya Tarangire kwa gari letu wenyewe, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, bila mwongoza watalii. Tulipopinda kona karibu na mto tulimkuta tembo dume amesimama katikati ya barabara, hatua kama 30 mbele yetu. Mume wangu alisubiri kidogo, kisha akapiga honi. Tembo alitanua masikio, akapiga kelele na kutujia mbio, halafu akasimama ghafla na kurusha vumbi. Tulirudi nyuma hadi gari likaingia kichakani, na tembo alipoondoka mume wangu akashuka kuangalia tairi. Tangu siku hiyo yeye anasema tulitishwa tu. Mimi nasema tulinusurika. Nani yuko sahihi?
Mama wa watoto wawili, Dodoma

JIBU: Poleni kwa mshtuko huo. Mumeo amesoma vizuri ishara za tembo yule, lakini hilo halimpi haki ya kupiga honi. Tembo anayetisha huinua kichwa, hutanua masikio na kupiga kelele, kwa kuwa anataka umwone jinsi alivyo mkubwa. Aliyekusudia kushambulia kwa kawaida hulaza masikio nyuma, hukunja mkonga chini ya kidevu na kuja kimya. Hata hivyo, vitisho vinaweza kugeuka shambulio la kweli iwapo gari litazidi kusogea au tembo atajiona amebanwa, na honi ni namna mojawapo ya kumbana.

Ninachojiuliza ni kwa nini alikuwa amesimama pale. Agosti ni kiangazi, na katika eneo lile Mto Tarangire ndio tegemeo la wanyama kwa maji, hivyo makundi ya tembo huteremka kila siku kuufuata. Yaelekea ninyi ndio mliomfungia njia yake ya kwenda kunywa. Mkimkuta tena, tazameni kwanza uso wake umeelekea wapi, kisha rudini taratibu hadi mahali penye nafasi, mkimwachia upande anaoutaka. Injini isizimwe akiwa karibu kiasi kile, na msikubali kamwe gari jingine liwagande kwa nyuma. Mimi niliwahi kuwasubiri tembo jike na ndama wake kwa dakika 40, chai ikapoa kwenye chupa, na sijutii.

Kabla ya kukimbia, tembo huonyesha kwamba anasita: hupinda ncha ya mkonga, hubembeza mguu mmoja wa mbele, au hujirushia vumbi bila sababu ya maana. Huo ndio wakati wa kuondoka, si wa kutafuta simu ili mpige picha. Kwa dume, angalieni pia kati ya jicho na sikio. Mkiona michirizi myeusi ya majimaji inatiririka shavuni, na miguu ya nyuma imelowa mkojo unaonuka kwa mbali, mjue yuko katika kipindi cha kutafuta majike, ambapo homoni zake hupanda sana na uvumilivu wake hupungua. Huyo hasubiriwi, geuzeni mara mumwonapo.

Kilichonitisha zaidi katika barua yako ni kule kushuka garini. Kanuni za hifadhi zinakataza kushuka nje ya maeneo yaliyotengwa, na kichaka kilichowapokea kingeweza kumficha simba au nyati dume mzee aliyejitenga na kundi. Mngesogeza gari kwanza hadi mahali peupe, hata kwa tairi lenye pancha, kisha mkapiga simu langoni. Namba ya lango iandikwe kwenye karatasi mnapoingia, na mkiwa mahali pasipo na mtandao, subirini gari jingine lipite.

Umesahau kutaja kama mlibeba machungwa. Tembo huyanusa kwa urahisi, kwa hiyo matunda yafungwe vizuri na madirisha yapandishwe mnapowakaribia, na mkilala kambini yasiingie hemani kabisa.

Naye baba watoto, kabla ya safari ijayo, afanye mazoezi ya kurudi nyuma hatua 100 kwa kutumia vioo tu, bila kuingia mtaroni.