Maswali ya wasomaji: namba changamano chuoni

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ya hisabati walioanza somo la fanksheni za namba changamano, yaani namba za umbo x + iy, ambapo x na y ni namba halisi na i ni kipeuo cha pili cha −1.

Swali: Shikamoo mwalimu. Fanksheni inayogeuza x + iy kuwa x − iy ni nyepesi, wala haikatiki popote. Kwa nini tunaambiwa haina derivativu? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Jibu: Marahaba. Chagua nukta yoyote, sogea hatua ndogo, kisha gawanya badiliko la fanksheni kwa hatua hiyo; derivativu ni namba moja ambayo jibu hilo hulikaribia hatua ikipungua kuelekea sifuri. Ukisogea kwa mlalo, hatua yako ni namba halisi h, na fanksheni inabadilika kwa h ileile, hivyo unapata 1. Ukisogea kwa wima, hatua ni ik, lakini fanksheni inabadilika kwa −ik, hivyo unapata −1. Hata hatua ikipungua kuelekea sifuri, majibu hayo mawili hayakaribiani, na derivativu haiwezi kuwa namba mbili kwa wakati mmoja. Kwenye namba halisi nukta hufikiwa kutoka kushoto au kulia tu. Hapa njia hazina idadi, kama vile msafiri anavyoweza kuingia Dodoma akitokea Morogoro, Singida, Iringa au Kondoa, na sharti ni kwamba kila njia itoe jibu lilelile.

Sharti hilo ndilo lililozaa milinganyo ya Cauchy na Riemann. Tukiandika f = u + iv, derivativu ya u kwa x lazima iwe sawa na ya v kwa y, na ya u kwa y iwe sawa na ya v kwa x iliyogeuzwa alama. Katika fanksheni yako u ni x na v ni −y, kwa hiyo mlinganyo wa kwanza unadai kwamba 1 ni sawa na −1. Nakusihi uyarudie haya kwa kalamu mpaka uweze kumweleza mwenzako bila daftari, kwa sababu somo zima limesimama hapo. Fanksheni yenye derivativu katika eneo zima la namba changamano huwa nayo ya pili, ya tatu na kuendelea bila kikomo. Kwenye namba halisi hakuna neema hiyo: x|x| ina derivativu ya kwanza kila mahali, lakini ya pili haipo kwenye sifuri.

Swali: Kanuni ya residu nimeikariri, lakini kwenye mtihani nakwama. Nifanyeje? (Mpwapwa)

Jibu: Kanuni yenyewe inasema kwamba integrali ya kuzunguka mchoro uliofungwa ni 2πi mara jumla ya residu, yaani namba inayokokotolewa kwenye kila nukta ya ndani ambako fanksheni inakua bila kikomo. Anza kwa kuchora. Tuseme unatafuta integrali ya 1/(1 + x²) kutoka hasi isiyo na mwisho hadi chanya isiyo na mwisho. Chora mstari kutoka −R hadi R, kisha uufunge kwa nusu duara juu yake. Asili ya sehemu hiyo, yaani 1 + x² iliyo chini, inakuwa sifuri kwenye i na −i, na R ikizidi 1, ni i pekee iliyo ndani ya mchoro. Residu yake ni 1/(2i). Zidisha kwa 2πi, unapata π. Wengi huishia hapo, nao hupoteza alama kwa haki kabisa, kwa kuwa hawajaonyesha kwamba nusu duara halichangii kitu. Urefu wake ni πR, na ukubwa wa fanksheni juu yake hauzidi 1/(R² − 1). Zao la viwili hivyo linakwenda sifuri R inapokua. Mistari hii miwili ndiyo uthibitisho wenyewe.

Swali: Naweza kulisoma somo hili kabla ya uchanganuzi wa namba halisi? (Singida)

Jibu: Hesabu utaziweza, uthibitisho hutauweza. Maliza kwanza vikomo na mifululizo.

Swali: Binti yangu anasomea namba ambazo naambiwa hazipo. Zina faida gani? (Mzazi, Kondoa)

Jibu: Ndugu mzazi, mwaka 1572 Mwitalia Rafael Bombelli alishughulikia mlinganyo x³ = 15x + 4. Jibu lake mojawapo ni 4, namba ya kawaida kabisa, lakini kanuni iliyokuwapo ilimpitisha kwenye kipeuo cha pili cha −121. Alikubali kuzikokotoa namba hizo, akagundua kuwa 2 + i ikizidishwa yenyewe mara tatu hutoa 2 + 11i, na sehemu zenye i zikafutana mwishoni. Leo wahandisi wa umeme huzitumia kila siku: umeme unaoingia nyumbani kwako hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, na namba moja changamano hubeba kwa pamoja ukubwa wa mkondo na kuchelewa kwake nyuma ya volteji. Mwombe binti akufanyie hesabu ya Bombelli mezani. Anahitaji kujua kuzidisha tu, nawe utaifuata hatua kwa hatua.