Barua za mauzo zenye mbwembwe (zile kurasa ndefu za mtandaoni za kukushawishi ununue), zinauza kweli?
Zinauza, ila kwa wachache: mtu ambaye tayari ana shida inayomkera na anatafuta pa kushika. Aliyekuja kulinganisha bidhaa, zinamfukuza. Mwaka 1997 John Morkes na Jakob Nielsen, watafiti wa urahisi wa kutumia tovuti, waliwapa watu tovuti ileile ya utalii wa jimbo la Nebraska, Marekani, ikiwa imeandikwa kwa mitindo tofauti. Yalipoondolewa majigambo tu, alama za urahisi wa kuitumia zilipanda kwa asilimia 27. Maandishi yalipofupishwa pia na kupangwa yasomeke haraka, zilipanda kwa asilimia 124. Sababu yao naikubali kabisa: msomaji anatumia nguvu nyingi kuchuja chumvi ili aupate ukweli.

Lakini hapo walipima matumizi ya tovuti, si mauzo. Kwa hiyo usiichukue kama ushahidi kwamba barua ndefu haziuzi. Urefu si tatizo, mradi kila aya ina jambo. Tatizo ni ile saa ya kuhesabu muda wa ofa, "zimebaki dakika 10", ambayo ukifungua ukurasa upya inaanza tena kuhesabu. Mteja akishaigundua hiyo, hata bei yako ya kweli haiamini.